Sampu Hupimwa Umeme Unapokatika

Umeme ukikatika usiku wa manane katika nyumba yenye tangi la matumbawe, kinachosikika kwanza ni kimya. Mvumo wa pampu unakoma, mwenye nyumba anageukia ubavu wa pili na kuendelea kulala. Ndani ya kabati lililo chini ya tangi, maji yanaanza kuteremka. Yanateremka kwa bomba la kutolea, na yanateremka pia kwa bomba lile lile lililokuwa likiyapandisha, maana pampu iliyozimika haizuii kitu. Kukipambazuka kuna dimbwi la maji ya chumvi kwenye sakafu ya mbao, na jirani wa ghorofa ya chini yuko mlangoni anabisha hodi, wala hakuja kwa salamu.

Mazungumzo ya leo, msikilizaji, yanahusu chombo kilicholeta dimbwi hilo. Kinaitwa sampu: tangi la pili, la kioo au la plastiki, linalofichwa kabatini chini ya tangi la maonyesho. Maji ya juu humwagikia humo kwa uzito wake yenyewe, husafishwa, hupashwa joto, kisha pampu huyarudisha juu. Wanaofuga matumbawe hai sebuleni, na wako wengi Ujerumani, Uholanzi, Uingereza na Marekani, karibu wote hufikia siku ya kuamua kwamba sampu ya zamani haifai tena. Wengi hukimbilia dukani kutafuta mtambo mkubwa zaidi ya ule walio nao. Hapo ndipo hesabu inapoharibika. Ubora wa sampu uko zaidi katika nafasi iliyoachwa tupu kuliko katika mitambo iliyosongamana ndani yake.

Baharini, miamba ya matumbawe ya Chumbe, Mnemba au Kisite, kwenye pwani ya Afrika Mashariki, haihitaji kabati. Wakati wa bamvua bahari hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu, na maji mapya hupita juu ya kila jiwe. Uchafu wa samaki humezwa na bahari nzima. Sebuleni, samaki yule yule anaishi na uchafu wake katika lita mia nne. Amonia inayotoka kwenye matamvua na kinyesi chake ni sumu. Bakteria huigeuza kuwa naitraiti, kisha kuwa naitreti, ambayo haiui upesi lakini ikirundikana hulisha mwani usiotakiwa na kuyadhoofisha matumbawe. Mtu akitaka kuuiga mwamba, hana budi kuiga na bahari inayouzunguka, na kazi hiyo yote inatupiwa sampu.

Na anachokilinda mfugaji si kitu cha kuchezea. Matumbawe yote ya mawe yamo katika Kiambatisho cha Pili cha mkataba wa CITES, kwa hiyo kuyavusha mpaka kihalali kunahitaji kibali. Baadhi ya samaki wa matangi hayo hutoka pwani ya Afrika Mashariki. Kenya imekuwa ikiuza nje samaki wa mapambo kwa miongo kadhaa, akiwemo kangaja wa rangi ya samawati ambaye wafugaji wa Ulaya humlilia. Samaki aliyesafirishwa kwa ndege kutoka Bahari ya Hindi kisha akafa kwa sababu ya bomba lililoziba ni hasara ambayo haikuwa na ulazima wowote.

Mambo hayakuanza na makabati. Mwaka 1961 Lee Chin Eng wa Jakarta, Indonesia, alieleza katika jarida la Marekani la Tropical Fish Hobbyist jinsi alivyofuga viumbe wa baharini kwa kutumia mawe hai ya matumbawe (yaani mawe yanayokaliwa na bakteria na viumbe wadogo), maji ya bahari na viputo vya hewa, basi. Kwa mtu aliyekaa karibu na bahari ya joto hilo lilikuwa jambo rahisi. Kwa mtu wa Berlin lilikuwa ndoto. Katika miaka ya 1970 na 1980, Dietrich Stüber na wenzake wa mji huo walichukua wazo la mawe hai, wakaongeza mtambo wa kuengua povu na taa kali, na njia yao ikaitwa njia ya Berlin. Stüber alikuza tumbawe la aina ya Acropora, akawa anavunja vipande na kuwagawia wafugaji wenzake, nao wakawagawia wengine.

Marekani ilipita njia nyingine. Mwaka 1986 George Smit, mtu mwenye asili ya Uholanzi, aliandika mfululizo wa makala katika jarida la Freshwater and Marine Aquarium kuhusu mwamba mdogo wa nyumbani. Uchujaji alioueleza ulifanyika kwenye mnara ambamo maji yalitiririka hewani juu ya vitu vyenye uso mwingi wa kukaliwa na bakteria. Baadaye minara hiyo ikajazwa vipira vya plastiki, na maelfu ya matangi yakajengwa hivyo. Vipira hufanya kazi vizuri mno, na ndiyo kasoro yake. Bakteria waliojaa oksijeni hutengeneza naitreti haraka, lakini hakuna wa kuiondoa. Ndani kabisa ya jiwe hai, mahali oksijeni isipofika, wapo bakteria wa aina nyingine wanaoivunja naitreti ikawa gesi ya naitrojeni na kupaa zake. Ndiyo maana fundi anayerithi sampu ya zamani huanza kwa kutoa vipira, konzi moja moja, wiki baada ya wiki, ili mawe yapate muda wa kuubeba mzigo.

Sasa turudi kwenye dimbwi, tulipigie hesabu. Chukua tangi la juu lenye urefu wa sentimita 120, upana 60 na kina 55: lita 396. Mdomo wa bomba la kurudishia maji umezama sentimita 3. Umeme ukikatika, bomba linanyonya kurudi chini kama mpira wa kunyonyea mafuta kwenye pipa, wala haliachi mpaka mdomo wake uvute hewa. 120 mara 60 mara 3 ni lita 21.6. Ongeza maji yaliyokuwa ndani ya mabomba, tuseme lita 3, na jumla inakaribia 25. Sampu ya zamani ina urefu wa sentimita 60, upana 30, kimo 30, yaani lita 54 ikijaa hadi ukingoni. Kila siku inafanya kazi ikiwa na kina cha sentimita 20, yaani tayari ina lita 36. Nafasi iliyobaki ni lita 18. Lita saba hazina pa kwenda isipokuwa sakafuni.

Hesabu hii anaiweza mtoto wa shule ya msingi. Ajabu ni kwamba sampu nyingi huwekwa bila ya kuifanya, kwa kuwa umeme wa miji ya Ulaya haukatiki mara kwa mara. Msikilizaji wa Dar es Salaam au Bukavu asingethubutu. Na hata huko Ulaya pampu huzimwa mara nyingi kuliko watu wanavyodhani: wakati wa kulisha, wakati wa kusafisha, siku fyuzi inapoanguka.

Lipo jibu lisilogharimu hata senti moja kabla ya kununua kioo. Pandisha mdomo wa bomba hadi sentimita 1.5 chini ya uso wa maji, na yale maji ya kurudi yanapungua nusu, lita 10.8. Wengine hutoboa kitundu kwenye bomba karibu na uso wa maji ili hewa iingie mapema na kukata mnyonyo. Ni ujanja mzuri, ila kitundu hicho ni cha kusafishwa kila mara, kwa sababu mwani huota humo na konokono wadogo hupenda kujibanza hapo hapo. Valvu ya njia moja ina ugonjwa huo huo: chembe moja ya mchanga au ganda la chokaa, na haifungi tena. Mafundi wazoefu huiweka kama nyongeza, hawaitegemei.

Sampu mpya, basi. Kabati likiruhusu, 90 kwa 45 kwa 40 inatosha kwa tangi letu la mfano. Ikiwa na kina cha sentimita 22 inabeba lita 89, na juu ya hapo imebaki nafasi ya karibu lita 73. Zile 25 za kurudi zinaingia bila wasiwasi. Faida nyingine ni kwamba ujazo wa mfumo mzima umeongezeka, na maji mengi hubadilika polepole, kwa joto, kwa chumvi, kwa kila kitu.

Ndani yake hugawanywa kwa viambaza vya kioo. Chumba cha kwanza hupokea maji machafu, mara nyingi kupitia soksi ya kuchujia yenye matundu ya maikroni 200, ambayo isipofuliwa kila baada ya siku chache inakuwa yenyewe kiwanda cha uchafu. Chumba cha pili kina kiengua povu. Kisha huja viambaza vitatu vilivyokaribiana, maji yakipita juu, chini, juu tena, ili viputo vipotelee humo visirushwe kwenye tangi la maonyesho. Mwisho ni chumba cha pampu.

Chumba hiki cha mwisho ndicho chenye utata wa kweli, na wauzaji hawaugusii sana. Maji hupungua kwa mvuke kila siku, lakini chumvi haipai. Tangi la juu halionyeshi upungufu kwa kuwa ukingo wa kumwagikia huliweka palepale, na vyumba vya mwanzo vya sampu vinashikiliwa na viambaza. Upungufu wote wa mfumo unaonekana mahali pamoja tu, chumba cha pampu. Kama chumba hicho ni cha sentimita 15 kwa 30, lita nne zikipaa maji yanashuka karibu sentimita 9, na pampu inaanza kumeza hewa. Kama ni 25 kwa 45, yanashuka sentimita 3.6 tu. Kwa hiyo kikubwa ni bora?

Subiri. Fikiria ajali iliyo kinyume: konokono ameingia kwenye bomba la kutolea na kuliziba, huku pampu ikiendelea kusukuma. Itapandisha kila tone lililomo katika chumba chake. Chumba cha 25 kwa 45 chenye kina cha 22 kina karibu lita 25, nazo zikifika juu zinainua uso wa tangi sentimita 3.4. Kama ukingo wa tangi umeachwa sentimita 2 tu juu ya maji, safari hii dimbwi linatokea juu, sio chini. Chumba kidogo kinaogopa mvuke, chumba kikubwa kinaogopa konokono. Kipimo cha chumba cha pampu kinatokana na kimo cha ukingo wa tangi la juu, na anayeagiza sampu bila kupima ukingo huo anabahatisha.

Mvuke wenyewe una dawa yake, chombo cha kujazia maji baridi kwa boya au kwa kihisi cha mwanga. Humo hutiwa maji yaliyochujwa kwa osmosisi ya kinyume, kwa sababu maji ya bomba mara nyingi huja na naitreti na fosfeti zake. Boya nalo hukwama. Kama maji ya akiba yamo kwenye pipa la lita 20, na yote yakamwagika kwa mkupuo ndani ya mfumo wa lita 450, chumvi inashuka kutoka gramu 35 kwa lita hadi takriban 33.5, matumbawe mengi yatanuna kisha yatapona. Kama boya limeunganishwa moja kwa moja na bomba la mji, maji hayana mwisho. Pipa dogo ni ulinzi.

Kelele nayo huwafanya watu wabadilishe mabomba. Bomba linalobeba maji na hewa pamoja hugugumia usiku kucha, na tangi likiwa sebuleni karibu na chumba cha kulala, ndoa inaweza kuingia majaribuni. Richard Durso alipata sifa kwa bomba la kusimama lenye kiko na tundu la hewa, lililopunguza sauti hiyo. Baadaye ukaja mpangilio unaojulikana kwa jina la Herbie: bomba moja limejaa maji tupu bila hewa, mwendo wake ukirekebishwa kwa koki ya geti, na bomba la pili likingoja dharura. Ule unaoitwa BeanAnimal huongeza la tatu: moja limejaa, moja hupitisha ziada kidogo, na moja hukaa kavu. Mabomba matatu yanaonekana ni mengi kwa tangi la nyumbani, lakini yule konokono wetu sasa hana nguvu tena.

Tukifika kwenye kiengua povu, hapo ndipo pesa nyingi hutumika. Hufanya kazi kwa viputo vidogo sana: protini na mafuta yaliyoyeyuka hung'ang'ania pale maji yanapokutana na hewa, hupanda na viputo, na kutuama kwenye kikombe kama majimaji ya kahawia yanayonuka. Povu la ufukweni siku za kusi hutokea kwa njia hiyo hiyo. Mwaka 2009 Ken Feldman, mkemia wa Penn State huko Marekani, alichapisha vipimo vyake vya viengua povu kadhaa. Aligundua kwamba viliondoa takriban theluthi moja tu, au pungufu, ya kaboni ya kikaboni iliyokuwemo majini, na tofauti kati ya chapa haikuwa kubwa kama matangazo yanavyodai. Mtambo huu unafaa, hasa kwa kuingiza oksijeni. Lakini kulipa mara mbili ili kupata mkubwa mara mbili si ununuzi wa busara. Kinachousaidia zaidi ni kina cha maji kisichobadilika, kwa kawaida kati ya sentimita 18 na 23, na hicho huletwa na kiambaza cha kioo kilichokatwa vizuri.

Penye nafasi, chumba kimoja hupewa mwani. Mkulima wa mwani wa Paje au Jambiani, Zanzibar, hahitaji kuelezwa: mwani hula kilichomo majini, na ukiuvuna unaondoka nacho. Sampuni huwekwa Chaetomorpha, mwani wa kijani unaofanana na nyuzi zilizosokotana, na taa yake huwashwa usiku wakati taa za juu zimezimwa. Hivyo kabonidayoksaidi inaendelea kutumika gizani na asidi ya maji haiyumbi sana. Zamani wengi walitumia Caulerpa, na hapo kuna kisa. Mwaka 1984 Caulerpa taxifolia ilionekana baharini chini ya Jumba la Makumbusho ya Bahari la Monaco, kwenye eneo dogo sana, kisha ikasambaa katika Mediterania. Mwaka 2000 ikakutwa kwenye ziwa la pwani la Agua Hedionda kusini mwa California. Huko iliangamizwa kwa kufunikwa na kutiwa klorini, kazi iliyotangazwa kukamilika mwaka 2006, na jimbo likapiga marufuku umiliki wa spishi kadhaa za mwani huo. Kumwaga maji ya tangi kwenye mfereji unaoelekea baharini si jambo dogo.

Kujenga sampu kwenyewe hakuchukui maneno mengi. Silikoni iwe ile inayonuka siki inapokauka, isiyotiwa dawa ya ukungu kama zile za bafuni, na iachwe siku kadhaa. Kioo hushikana na kioo. Plastiki ya akriliki na kioo havishikani vizuri, basi viambaza viwe vya kioo. Halafu sampu ijazwe maji ya kawaida uani au bafuni, iachwe usiku mzima juu ya karatasi kavu. Karatasi itasema ukweli.

Siku ya kubadilisha inaogopwa kuliko inavyostahili. Bakteria wengi wanaishi kwenye mawe na mchanga wa juu, sio kwenye sampu, kwa hiyo tangi la maonyesho linaweza kujiendesha saa kadhaa kwa pampu za mawimbi na kipasha joto. Maji safi ya sampu ya zamani huhifadhiwa kwenye ndoo. Tope la chini halitibuliwi, hutupwa, maana linaweza kuwa na gesi yenye harufu ya yai viza ambayo ni sumu kwa samaki. Nyaya za umeme huning'inizwa zikiwa na kitanzi kilicho chini ya soketi, ili tone linalofuata waya lidondoke kabla ya kufika, na saketi iwe na kinga ya miliampea 30. Kisha pampu inawashwa, inazimwa kwa makusudi, na watu wanasimama na tochi kutazama maji yanapanda hadi wapi. Mahali yanapoishia huwekwa alama kwenye kioo, na siku za usoni hakuna mtu anayeruhusiwa kujaza kupita kiasi kilichopimwa siku hiyo.

Kiengua povu kipya kitafurika au kitagoma kwa wiki ya kwanza au ya pili, mpaka plastiki yake ipate utando. Ni kawaida, hakihitaji kurudishwa dukani.

Ile sampu ya zamani ya lita 54 mara nyingi haitupwi. Huoshwa kwa siki, hutolewa viambaza, na kufanywa karantini ya samaki wapya, hasa kwa sababu ya ugonjwa wa madoa meupe unaoletwa na kimelea Cryptocaryon irritans. Dawa yake ya kale ni shaba. Shaba huwaua konokono, kamba na matumbawe kwa kiasi kidogo tu, nayo hunyonywa na mawe na mchanga wa chokaa kisha hutoka polepole. Kwa hiyo tangi likishatiwa dawa hiyo huandikwa ubavuni kwa wino usiofutika, pamoja na ndoo yake, mpira wake na kikombe chake cha kupimia.